Salio la Safari Mbili

Wenzake walishuka mlimani na viatu vya kuachiwa,
jaketi lisilo na zipu, soksi nene za sufu.
Baba, Eliaringa Mosha, mpagazi wa njia ya Machame,
alishuka na ramani.

"Miwani kaa nayo," aliwaambia wageni pale geti la Mweka.
"Kama una karatasi ya treni ya kwenu, nipe hiyo."
Wakacheka. Wakapekua mifuko.
Ya Seoul ilikuwa na doa la supu.
Ya Kairo imekunjwa mara nane, imekatika konani,
mto umepita katikati
kama mshono aliokosea fundi.

Akazibandika kwa uji wa ngano, chumba chetu cha Njoro,
juu ya kitanda nilicholala na Nderingo.
Panya walikula nusu ya Paris.
Hapo ndipo nilipojulia rangi, kabla ya shule:
nyekundu inaenda uwanja wa ndege,
kijani inazunguka, haifiki popote, haichoki.

Baba, zinapita wapi?
"Chini."
Chini ya nini?
"Chini ya maduka. Chini ya mito. Chini ya wazee wao waliozikwa.
Moscow kuna ngazi inajiendea yenyewe, ndefu,
mtu anaanza kushuka na chungwa zima,
akifika chini ana maganda."

Haya alisimuliwa usiku, kambi ya Barafu,
na watu waliokuwa wakitapika kwa kukosa hewa.
"Mgeni akizidiwa na mlima," alisema, "hamtaji mama yake.
Anataja kituo anachoshukia."

Mimi nimebeba juu ya mawingu, alipenda kusema,
wao wanabebwa chini ya makaburi.
Tungekutana wapi, kama si kwenye karatasi?

Ramani aliyoitazama kuliko zote ni ya Mexico.
Kule kila kituo kina picha:
panzi, bata, kengele,
ili asiyejua kusoma asipotee.
Baba aliishia darasa la pili.
Alikaa mbele ya yule panzi
kama mtu aliyeitwa jina lake ugenini.

Kisha akachukua chaki ya mama ya kukatia vitambaa
akachora yetu, ukuta wa jikoni, penye moshi.
Pasua: shuke la mpunga.
Kiusa: mkungu wa ndizi.
Majengo: cherehani, kwa heshima ya mama.
Stesheni ya zamani akachora mbuzi,
maana ndiye aliyekuwa akilala relini.
"Na Rau?" mama akauliza.
"Rau hatuchimbi. Kuna chemchemi. Ukiishtua inahama."

Kadi alipewa na mwanamke wa Santiago, ya plastiki,
imechubuka pembeni.
"Ina safari mbili. Siku ukija."

Goti la kulia liligoma kwanza.
La kushoto likamwonea huruma mwenzake.
Siku hizi analinda duka la mbao, harudi na kitu,
ila kila jioni, kabla ya kuingia,
anaitoa kadi, anaigusisha kwenye fremu ya mlango,
anasema kwa mdomo wake mwenyewe: *tii*.
Na mama, hata hageuki, mwiko mkononi:
"Pita. Salio lipo."

Miaka kumi na moja. Salio lipo.

Mwaka juzi tulirudi KCMC bila mama.
Watu wa matanga walipokwisha kuondoka,
viti vya kukodi vikachukuliwa,
nilimsikia nje.
*Tii.*
Jikoni kimya.
*Tii*, tena, polepole,
kama mtu anayedhani mashine ndiyo mbovu.

Nikasema mimi, nyuma ya pazia, koo limekauka:
"Pita, baba."

Alisimama mlangoni hata chai ikapoa.
Akaigeuza kadi huku na huku,
akaifuta kwa shati,
akairudisha mfukoni upande wa moyo.
"Imebaki moja," akasema.
Akaingia.